Kanzu, Kikwembe na Abakosti: Mavazi na Madai ya Uungwana Mashariki mwa Kongo

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza masomo ya Kiswahili katika vyuo vyetu hujifunza mapema kwamba lugha hii, katika nchi yetu, iliwahi kuitwa Kingwana. Mmishenari John Whitehead, aliyefanya kazi Wayika kando ya mto Lualaba, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha kufundishia lugha kilichotoka mwaka 1928, na wengi walilitumia kabla yake na baada yake. Ni wachache, hata hivyo, wanaoendelea na kuuliza: huyo mngwana aliyeipa lugha yetu jina lake alikuwa nani, na watu walimtambuaje walipokutana naye njiani?

Swali la kwanza limekwisha kuandikiwa vitabu. Swali la pili lina jibu fupi: walimtambua kwa nguo. Kabla hajafungua kinywa, kanzu yake ilikuwa imekwisha kumtambulisha. Lugha na vazi viliingia nchini mwetu pamoja, juu ya mabega ya watu wale wale, na vyote viwili vilibeba dai moja: kwamba mwenye kuvitumia ni mtu huru, si mtumwa wa mtu.

Makala hii inakusudia kufuata dai hilo tangu wakati wa misafara hadi wakati wetu. Tutajaribu kuonyesha kwamba mashariki mwa Kongo kila utawala uliokuja ulitaka kuwatawala watu pia kwa njia ya mavazi, ukiamua nani avae nini. Na kwamba kila mara watu waliligeuza vazi hilo wakalifanya hoja yao wenyewe. Historia hiyo si safi. Vazi la uungwana lilivaliwa pia na wale waliowanyima wengine uungwana. Lakini ndiyo historia tuliyo nayo, na maneno ya lugha yetu yameihifadhi kuliko tunavyodhani.

2. Kabla ya jora

Kosa la kwanza ambalo msomaji anapaswa kuliepuka ni kufikiri kwamba pambo na mtindo vililetwa na wageni. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba. Humo walikuta, pamoja na vyungu vya ufundi wa hali ya juu, mikufu, bangili na mishipi ya shaba, na shanga. Makaburi ya zama ziitwazo za Kisale, zilizokwisha yapata karne ya 13, yanaonyesha kwamba hata watoto walizikwa na mapambo ya thamani. Mtoto hakuweza kuyapata kwa kazi yake mwenyewe. Aliyapata kwa sababu ya ukoo wake. Kwa hiyo tayari katika zama hizo pambo lilisema jambo juu ya mtu: amezaliwa na nani, na jamii ilimweka mahali gani. Katika makaburi ya zama zilizofuata ilionekana misalaba midogo ya shaba, ile ambayo baadaye ilijulikana kote kama fedha ya Katanga. Pambo na fedha havikuwa mbali.

Kuhusu nguo, kabla ya pamba ya kigeni nchi yetu ilivaa magome ya miti yaliyopondwa, ngozi, na hasa nguo za rafia. Upande wa Kasai, Wakuba walizifikisha mbali: wanaume hufuma, wanawake hutarizi, na kipande kimoja chaweza kuchukua miezi mingi kabla ya kukamilika. Vipande vya rafia vilitumiwa pia katika kulipa mahari, faini na kodi kwa watawala. Kwa Waluba, nywele zilikuwa kazi ya usanii kiasi kwamba walichonga mito ya mti ya kulazia kichwa ili misuko isiharibike usingizini, na mito hiyo leo imo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Na huko Bunkeya, chini ya utawala wa Wayeke, alama ya uchifu ilikuwa omande, kisahani cheupe kilichokatwa katika gamba la kombe la baharini, kilichosafiri kutoka pwani hadi kifuani mwa chifu. Msiri, aliyeuawa na watu wa msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891, alitawala nchi ambayo watu wake walijua vizuri maana ya kuvaa na maana ya kukatazwa kuvaa.

Basi nguo za pwani zilipofika, hazikukuta watu wasio na mtindo. Zilikuta watu waliokwisha kuzoea kusomana kwa macho.

3. Merikani na shanga

Nguo iliyobadilisha mambo ilikuwa na jina la nchi ya mbali. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultani, na wafanyabiashara wa Salem wakaanza kuleta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu na cha kudumu, kutoka viwanda vya Massachusetts. Wapwani walikiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, nafasi ya viwanda vile ilichukuliwa na vya Uingereza na baadaye vya Bombay. Lakini jina halikuondoka. Katika Kongo ya kikoloni watu waliendelea kusema amerikani hata pale kitambaa kilipokuwa hakina uhusiano wowote na Marekani. Huu ni mfano mzuri, kwa mwanafunzi wa lugha, wa jinsi neno linavyoweza kudumu baada ya asili yake kusahauliwa.

Pamoja na merikani ilikuja kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili iliyokoza, na nguo za rangi na mistari kutoka India na Maskati. Nguo hizo zilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na doti nyingi zilikunjwa katika jora. Doti na shuka vilikuwa vipimo, vilikuwa mavazi, na vilikuwa fedha, vyote kwa wakati mmoja. Alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijitayarisha kumtafuta Livingstone, Stanley alikadiria kwamba ili kuwalisha watu 100 kwa miaka miwili angehitaji yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za nguo za rangi. Msafara ulikuwa, kwa maneno mengine, duka la nguo linalotembea.

Habari iliyowashangaza zaidi wasafiri hao ni kwamba wenyeji wa bara walichagua. Shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili. Rangi iliyotafutwa mwaka huu haikutazamwa mwaka ujao. Mfanyabiashara aliyekosea mtindo alilala njaa pamoja na wapagazi wake, ingawa alikuwa na mizigo tele. Wazungu wengi waliandika jambo hili kama ukaidi wa watu wasioelewa thamani ya vitu. Sisi tunaliona kinyume chake: ni ushahidi kwamba mnunuzi wa Ujiji au wa Maniema alikuwa na maoni yake juu ya uzuri, na kwamba viwanda vya ng'ambo vilipaswa kuyatii.

4. Kanzu na jina la mngwana

Ili kuelewa uzito wa kanzu huko Kasongo na Nyangwe, ni lazima kwanza tukumbuke sheria ya mavazi ya pwani. Huko, mavazi yalipanga watu ngazi kwa ngazi. Mtumwa alivaa kipande cha merikani au kaniki kiunoni. Hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Muungwana alivaa kanzu ndefu nyeupe, iliyotariziwa shingoni, na kofia iliyoshonwa kwa sindano kwa subira ya siku nyingi, vitobo vidogo vikizungushiwa uzi hadi vikatoa maua na mistari. Aliyekuwa na cheo zaidi aliongeza joho, kilemba, na jambia mshipini. Kwa hiyo kofia haikuwa kinga ya jua tu. Ilikuwa hati ya uhuru ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuisoma.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alipojiimarisha Kasongo yapata mwaka 1875, aliileta sheria hiyo katika nchi ambamo haikuwa na mizizi. Wafuasi wake wengi hawakuwa Waarabu wala Waswahili wa pwani. Walikuwa vijana wa Maniema, wengine wakiwa wametekwa wakiwa watoto, wakalelewa katika nyumba za wakubwa, wakapewa bunduki, wakafundishwa lugha ya misafara. Kwa kipimo cha Unguja hawakuwa waungwana hata kidogo. Lakini Unguja ilikuwa mbali. Katika Maniema aliyevaa kanzu na kofia na kusema Kiswahili alijiita mngwana, na hakukuwa na mtu wa kumkatalia. Nguo ambayo pwani ilithibitisha uhuru wa kuzaliwa, huku kwetu iliumba uhuru mpya. Watu waligeuza alama ya nasaba ikawa alama ya matakwa.

Hapa mwanahistoria hana budi kusimama na kusema ukweli wote. Uhuru huo ulilipiwa na wengine. Kijana aliyeepuka utumwa kwa kuvaa kanzu mara nyingi ndiye aliyetumwa kuteka kijiji cha jirani, ambacho watu wake walivaa rafia. Huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni, na wengi wakazama katika Lualaba wakikimbia. Kwa wazee wa vijiji vile, kanzu nyeupe ikitokea mwisho wa njia haikuwa ishara ya ustaarabu. Ilikuwa amri ya kukimbilia msituni. Vazi moja lilisema mambo mawili kwa watu wawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Mtu anayeandika historia ya Kingwana kwa kusifu tu, au kwa kulaani tu, ameisoma nusu yake.

Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala huo. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Baada ya hapo waliovaa kanzu waliitwa na wakubwa wapya “arabisés”, watu wa kutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Hata hivyo kanzu haikutoweka Kasongo, Kindu wala Kisangani. Ilibaki vazi la ibada, la ndoa na la msiba. Na jina la mngwana, lililokuwa jina la mtu, likabaki jina la lugha.

5. Kofia nyekundu, koti na tai

Utawala mpya nao ulijua kazi ya nguo. Askari wa Force Publique alivaa sare ya buluu, mshipi mwekundu na kofia nyekundu ya tarbushi; miguuni hakuvaa kitu. Tazama mpangilio huo kwa macho ya mtu wa wakati ule: kichwa kilifunikwa kama cha mtu huru, miguu ikaachwa kama ya mtumwa. Sidhani kama wakubwa wa jeshi walikusudia fumbo hilo, lakini raia waliokwisha kuzoea sheria ya pwani hawakukosa kuliona.

Katika miji ya migodi, hasa Élisabethville iliyoanzishwa mwaka 1910, vazi la Kizungu lilianza kama vazi la kazi: kaptula ya karani, shati jeupe la mtumishi wa nyumbani. Watumishi hao hawakuwa watu wa pembeni katika historia ya lugha yetu. Maandishi yaitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 na kutolewa kwa wasomaji wengi zaidi na Johannes Fabian mwaka 1990, ni historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha mji huo, na watu waliowatumikia Wazungu majumbani. Aliyefua na kupiga pasi nguo za bwana alijua siri ya nguo hizo kuliko bwana mwenyewe.

Baada ya vita vya pili vya dunia koti na tai vikawa suala la siasa. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa immatriculation, ili kuwatenga wale walioitwa évolués na umati. Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani: anakula vipi, analala vipi, mkewe anatunza nyumba vipi. Waliopata walikuwa wachache mno. Gazeti La Voix du Congolais, lililotoka kuanzia 1945 hadi 1959, lilikuwa uwanja wao wa kujadili adabu, ndoa na maisha ya mji. Katika mjadala huo koti lilichukua nafasi ile ile ya kanzu ya Maniema. Lilidai: mimi si mtu wa kuamrishwa. Nayo koloni ikajibu kwa namna iliyowachoma: ilikubali koti, ikamkataa aliyelivaa. Mtu aliyevaa suti iliyopigwa pasi vizuri bado aliweza kufukuzwa katika mkahawa wa Wazungu, na bado aliitwa “wewe” na kijana aliyemzidi rangi tu.

Tunaweza kusoma siku za uhuru katika mavazi. Tarehe 29 Juni 1960, mfalme Baudouin, aliyevaa sare nyeupe, alikuwa akipita katika gari la wazi mjini Léopoldville. Ambroise Boimbo, aliyevaa koti na tai, alitokea ubavuni mwa gari akanyakua upanga wa mfalme. Upanga ule haukuwa silaha ya kupigania. Ulikuwa pambo la enzi, na kwa sababu hiyo hasa picha ya tukio lile ilizunguka dunia. Kesho yake Patrice Lumumba, katika suti na tai, alisimama mbele ya mfalme yule na kutaja matusi na mapigo ya miaka 80. Miezi michache baadaye alionekana katika picha nyingine, mikono imefungwa, shati jeupe, bila miwani wala koti. Waliomteka walielewa kwamba kumvua mtu ni sehemu ya kumwua. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi walilijibu tendo hilo kwa rangi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi katika miaka ya 1973 na 1974, na wenzake wengi, walimrudishia Lumumba suti yake na miwani yake. Katika picha zile zinazoitwa Colonie belge, mfungwa huvaa nguo ya njano yenye mistari myeusi, askari kofia nyekundu, na bwana mkubwa nguo zake za kikoloni. Hakuna haja ya maandishi: mtazamaji husoma utawala mzima katika mavazi ya watu watatu.

6. Abakosti

Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi, na siasa ya “authenticité” ikaanza. Majina ya Kikristo yaliondolewa mwaka 1972. Tai ikapigwa marufuku, na mahali pa suti pakawekwa abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa à bas le costume, yaani suti na ishindwe. Ilikuwa koti lisilo na kola ya suti, lililovaliwa bila shati na bila tai, pengine na skafu shingoni. Sura yake ilifanana na vazi la viongozi wa China, ambako Mobutu alizuru Januari 1973. Wanawake nao walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, wakaelekezwa kwenye kikwembe.

Hoja ya siasa hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kwa nini mtu wa nchi ya joto ajifunge shingo ili aonekane kiongozi? Wasomi wengi waliiunga mkono kwa moyo mweupe. Lakini vazi la kujikomboa lililoamriwa kwa nguvu limekwisha kupoteza nusu ya maana yake, na nusu iliyobaki ilipotea dukani: abakosti za kifahari zilizovaliwa na wakubwa zilishonwa na kampuni ya Arzoni, huko Zellik nchini Ubelgiji. Fundi cherehani wa Lubumbashi au Bukavu alishona za makarani na walimu. Hivyo vazi lililokuja kuwasawazisha watu likawa na ngazi zake, na jicho lililozoea liliweza kumtenga waziri na mwalimu kwa kitambaa na mkato tu.

Huko Kinshasa vijana wa Sape walikataa kwa njia yao. Papa Wemba na vijana wa Matonge walivaa suti na viatu vya wabunifu wa Ulaya na Japani wakati serikali ilipotaka abakosti. Wengi wamewacheka kwa kutumia fedha wasizokuwa nazo. Msomaji wa makala hii, hata hivyo, atatambua mwendo wa zamani: kijana asiye na cheo anavaa vazi asiloruhusiwa, anasimama njiani, anangoja aone nani atamkatalia.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba hiyo hiyo aliruhusu tai, akaongeza kwamba yeye mwenyewe hangebadili vazi lake. Ni jambo la kufikiriwa kwamba uhuru wa vyama na uhuru wa tai vilitangazwa kwa pumzi moja, kama vile vilikuwa vitu vya jinsi moja. Tai zilitoka masandukuni. Siku 17 baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa katika mabweni yao. Idadi ya waliouawa haijakubaliwa na wote hadi leo. Sisi wa vyuo vikuu hatuwezi kuisimulia habari ya tai bila kuisimulia hiyo nyingine. Mtawala anaweza kurudisha vazi la mtu huru huku akiushika uhuru wenyewe mkononi.

7. Kikwembe

Mpaka hapa tumesema zaidi juu ya wanaume, kwa kuwa wao ndio waliovishwa na kuvuliwa na dola. Wanawake walikuwa na hoja yao, na iliandikwa katika kikwembe, kile ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita kitenge.

Kitambaa cha wax kilizaliwa kwa kuiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1846. Pamba yenyewe, lakini, ilikuwa yetu pia. Tangu mwaka 1917 dola ya kikoloni ililazimisha vijiji kulima pamba. Mkulima aliuza kwa bei asiyoipanga, kisha mkewe akanunua kitambaa kwa bei asiyoipanga. Viwanda vya hapa nchini, kama Filtisaf ya Albertville, yaani Kalemie ya leo, na baadaye Sotexki ya Kisangani, vilishona historia hiyo katika vitambaa ambavyo mama zetu wamevihifadhi. Filtisaf imekwisha kunyamaza, na masoko yetu sasa yamejaa vitambaa vya China.

Kanga ya pwani huandikwa maneno. Kikwembe hakiandikwi, hupewa jina na wanawake wenyewe, sokoni, na jina likishika hakuna kiwanda kinachoweza kulifuta. “Jicho la mke mwenza”, “Mume wangu ana uwezo”: majina kama haya yamesafiri Afrika nzima ya magharibi na ya kati, na kila mji una yake. Mwanamke aliyevaa kitambaa hicho siku ya arusi ya jirani amesema neno, na aliyeambiwa amesikia, ingawa hakuna aliyefungua mdomo. Ni fasihi simulizi isiyo na sauti.

Dola ilijaribu kuingia huko nako. Zama za MPR zilileta vikwembe vyenye sura ya Mobutu, vikivaliwa na wanawake katika ngoma za kumtukuza. Leo kitambaa cha tarehe 8 Machi hugawiwa au huuzwa kila mwaka kwa ajili ya siku ya wanawake. Lakini kikwembe kina tabia moja ambayo koti halina: hakimalizi maana yake. Chaweza kuwa sketi leo, kesho mbeleko ya mtoto, kesho kutwa sanda. Sura ya kiongozi huchakaa pamoja na kitambaa, na mwishowe hupangusa meza. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, hakuna utawala uliofaulu kukimiliki.

8. Hitimisho

Wahenga walisema: uungwana ni kitendo. Tumezoea kuisoma methali hiyo kama fundisho la tabia njema. Baada ya safari hii tunaweza kuisikia kwa namna nyingine. Ni jibu la watu waliowaona wengi wakiingia katika kanzu, katika koti na katika abakosti wakidai uungwana, kisha wakatenda kinyume. Wala methali haidharau vazi. Inalidai lilipe deni lake: kama umejivika uungwana, tenda basi kama muungwana.

Kwa wanafunzi wa idara yetu kuna kazi inayongoja. Maneno ya nguo katika Kiswahili cha Kongo, kama kikwembe, kitambala cha kichwani na libaya tulilolipokea kutoka Lingala, bado hayajakusanywa ipasavyo. Mafundi cherehani waliokata abakosti sasa ni wazee. Wanawake waliovipa vitambaa vya Filtisaf majina yao wanapungua kila mwaka. Anayerudi likizo Kasongo, Kalemie, Kindu au Likasi na achukue daftari. Aanze nyumbani: amwombe nyanya yake afungue sanduku, kitambaa kimoja baada ya kingine, na aandike jina la kila kimoja, na sababu ya jina hilo, kabla sanduku halijafungwa.